Wadudu wa Tanga Ukutani: Shajara ya Mradi

Januari, mwanzoni

Ukuta tumeupata. Ni wa nyuma wa ghala la zamani huko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Urefu wake ni mita 18, kimo kinazidi mita 3 kidogo. Mwenye ghala ametuandikia karatasi, mwenyekiti wa mtaa ameigonga muhuri. Upande wa kushoto kuna mwembe mkubwa, upande wa kulia ukuta unakunja kona na kuangalia msikiti. Mbele yake watu hupita tangu alfajiri: wanafunzi, wauza mkate wa ajemi, waendesha baiskeli wanaokwenda sokoni.

Tuko wachoraji wanne, fundi mmoja wa kuchomelea, na mwalimu wa baiolojia anayetusaidia kila akipata nafasi. Jana tulikaa barazani tukakubaliana sharti moja la kutuongoza: kila mdudu atakayeingia ukutani awe anaishi Tanga, achorwe akiwa hai, na awe juu ya kile anachokula au anachokifanyia kazi.

Sharti hili lina sababu. Pita shule za chekechea za mji huu, pita saluni, pita vibanda vya juisi: vipepeo wamejaa ukutani, na karibu wote ni yule yule, Danaus plexippus, kipepeo wa Marekani, mwenye rangi ya chungwa na mishipa minene myeusi. Mchoraji anatafuta picha kwenye simu, simu inamletea huyo. Hapa kwetu hayupo. Halafu tazama mkao wake. Mabawa ya mbele yamevutwa juu mpaka ukingo wake wa chini umefanya pembe mraba na mwili. Huo ni mkao wa makumbusho. Mkusanyaji akishamchoma kipepeo pini kifuani, huyapanga mabawa hivyo ili alama zote zionekane, kisha humwacha akauke. Kipepeo aliye hai hatui namna hiyo. Yuko mchoraji wa Ufaransa anayejiita Mantra, huchora kwenye majengo marefu masanduku ya vioo yenye vipepeo waliochomwa pini, na yeye hufanya hivyo kwa makusudi: sanduku lenyewe ndiyo picha. Kazi yake naiheshimu. Ila sisi mtaani kwetu tunachora maiti bila kujua kwamba ni maiti, na watoto wanakua wakidhani ndivyo kipepeo alivyo.

Januari, mwishoni

Tumepanda Amani, kupitia Muheza, kuwaona wafugaji wa vipepeo. Vijiji vya Usambara Mashariki vilianza ufugaji huu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanajenga vizimba vya neti, wanaotesha miti ambayo kila aina ya kipepeo hutagia, wanaokota mayai, wanalea viwavi mpaka wawe pupa, yaani wajifunge kabla ya kugeuka vipepeo, na pupa hao walikuwa wakisafirishwa kwenda kwenye bustani za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, vipepeo nao waliingia katika zuio hilo. Soko likakatika, maarifa yakabaki.

Mama mmoja alitupokea kwenye kizimba chake. Nikamfungulia daftari la michoro yetu ya awali, akaipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza, "Viwavi wako wapi, mwanangu? Kipepeo hukaa siku chache tu. Kazi yetu sisi yote ni kiwavi." Michoro yetu ilikuwa na vipepeo kumi na wawili, hakuna kiwavi hata mmoja. Palepale tukabadilisha mpango: kila kipepeo ukutani atakuwa na kiwavi wake, na kiwavi apewe nafasi ileile.

Akatuonyesha Papilio demodocus, ambaye mwenye shamba la machungwa Muheza anamjua vizuri, maana kiwavi wake hula majani ya mchungwa, mlimau na mndimu. Akiwa mdogo, kiwavi huyu ana rangi nyeusi ya kahawia na baka jeupe mgongoni, yaani ukimwona juu ya jani utadhani ndege amekunya. Ndege wanaotafuta chakula wanampita. Akikua anakuwa wa kijani chenye mabaka ya kahawia. Mama alichukua unyasi akamgusa mmoja nyuma ya kichwa. Ghafla zikatoka pembe mbili laini, zimelowa, rangi ya chungwa, na harufu kali ikajaa kizimbani, harufu ya maganda ya machungwa yaliyoanza kuoza. Zikarudi ndani polepole. Dada mmoja katika kundi letu alipiga magoti akachora palepale, na mchoro ule ndio utakaokwenda ukutani, pembe zikiwa zimetoka.

Kizimba kilichofuata kilikuwa cha Papilio dardanus. Dume ana rangi ya njano ya krimu, mabawa yenye mikia. Majike hawana mikia, na hawafanani wao kwa wao: huyu mweusi mwenye madoa meupe, yule mwenye rangi ya chungwa, mwingine wa namna yake kabisa. Kila umbo linaiga aina nyingine ya kipepeo wa msituni ambaye ndege hawamli kwa sababu ana sumu. Madagaska, aina hiyohiyo, majike wanafanana na madume. Nilisimama pale nikamwomba mama anihakikishie mara mbili kwamba wote ni mke na mume wa jamii moja. Akasema, "Mimi mwenyewe huokota mayai ya huyu, wakitoka wanatoka wa namna hizo zote."

Februari

Leo nimekwenda kumwona Shehe. Kwa kuwa kona ya kulia ya ukuta inaangalia msikiti, isingekuwa adabu kuanza kazi kabla ya kumwuliza.

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari ya ukuta."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ukuta una mwenyewe na yeye hana la kuzuia, ila angependa watu wakitoka kuswali wasikabiliwe na picha za viumbe wenye roho. Nikamwambia hilo tumelipokea, tunaweza kukiacha kipande kile kitupu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Usikiache kitupu. Nyuki ana sura nzima katika Qur'ani. Chora nyumba yake."

Sura yenyewe ni ya 16, An-Nahl. Aya ya 68 na 69 zinasema Mola alimfunulia nyuki ajitengenezee majumba milimani, mitini na katika yale wanayojenga watu, na kwamba katika kinywaji kinachotoka matumboni mwao mna ponyo kwa watu. Kwa hiyo kona ya msikiti itakuwa ya masega. Hakuna nyuki hata mmoja, ni vyumba vyake tu, vya pembe sita, kutoka chini mpaka juu. Tutavitengeneza kwa vigae vilivyovunjika vya njano na kahawia, ambavyo maduka ya vifaa vya ujenzi huwa wanavitupa. Mwalimu wa baiolojia alituletea jambo zuri: kwamba umbo la pembe sita ndilo linalogawa eneo katika vyumba vilivyo sawa kwa kuta fupi kuliko yote, hivyo nyuki anatumia nta kidogo kabisa. Watu walilihisi hili tangu zamani za Wayunani, lakini uthibitisho kamili wa kihisabati ulipatikana mwaka 1999, kazi ya Thomas Hales. Ndani ya baadhi ya vyumba tutaweka maua ambayo nyuki wa pwani huyaendea: ua la mnazi, la mwembe, la mkoko.

Nimerudi nyumbani nimefurahi. Ushauri ule umetupa sehemu ambayo kwa akili zetu tusingeifikia.

Februari, katikati

Maandalizi ya ukuta. Chini ya lipu ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingi za zamani za mji huu, na chumvi imepanda mpaka usawa wa goti. Tumekwangua sehemu zote zilizovimba, tumesugua chumvi kwa brashi kavu bila kumwaga maji, maana maji huirudisha chumvi ndani. Tumeziba kwa chokaa na mchanga badala ya saruji.

Vijana walitaka rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa. Nawaelewa. Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kwenda Dar es Salaam alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku Tanga, alianzisha uchoraji wake mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na mng'ao ule ndio uliomtambulisha. Lakini hadibodi haina chumvi wala unyevu unaopanda kutoka ardhini. Ukuta wa matumbawe unapumua, na rangi ya mafuta huuziba. Unyevu ukikosa pa kutokea huisukuma rangi, inafanya malengelenge, kisha inabanduka. Ukutani tunatumia rangi ya maji. Rangi ya mafuta tumeiweka akiba kwa ajili ya kazi ya chuma.

Machi

Katikati ya ukuta tumeanza na Danaus chrysippus. Huyu ndiye kipepeo wa Tanga kwa haki kabisa. Yuko Raskazone, yuko kandokando ya reli, yuko kwenye viwanja visivyojengwa vya Chumbageni, popote penye magugu ya utomvu mweupe. Kiwavi wake hula magugu hayo yenye sumu, sumu inabaki mwilini hadi anapokuwa kipepeo, na ndege aliyemwonja mara moja hamrudii. Ndiyo maana huruka polepole, chini chini, bila haraka.

Pia ni kipepeo mwenye historia ndefu katika sanaa kuliko wengi. Kaburi la Nebamun, lililochorwa Thebes, Misri, yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo, lina picha ya mwindaji wa ndege kwenye mafunjo, na juu ya mafunjo wanaruka vipepeo wa rangi ya chungwa, ncha nyeusi zenye mabaka meupe. Ni hawa hawa. Kipande hicho sasa kiko British Museum, London. Mchoraji wa Misri alimchora mdudu wa mtoni kwake akiwa hewani, hai, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Nimeibandika nakala ya picha ile kwenye kasha la brashi.

Mita chache kutoka hapo tumemweka jike wa Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu ila amevaa sura ileile ya Danaus. Ukimtazama kwa haraka humtofautishi. Siri iko kwenye bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, Hypolimnas ana doa moja tu, kwenye ukingo wa mbele. Hatukuandika maelezo yoyote. Tunataka mtu apite miezi, kisha siku moja asimame. Dume lake tumemweka juu zaidi, mweusi mwenye mabaka meupe yaliyozungukwa na zambarau, na mtu asiyeambiwa hatadhani kwamba ndiye mume.

Leo mtoto wa darasa la nne alisimama nyuma yangu na begi lake, akahesabu kwa kidole. "Dada, mwalimu ametufundisha mdudu ana miguu sita. Huyu wako ana minne."

Nilifurahi mno kuulizwa. Nikamwita karibu nikamwonyesha: Danaus na Hypolimnas wako katika ukoo mkubwa wa vipepeo ambao jozi ya kwanza ya miguu imefupika. Hawasimamii miguu hiyo. Wameikunja chini ya kidevu, kifuani, midogo kama nywele. Tumeichora pale, miwili, kwa brashi nyembamba kuliko zote tulizo nazo. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia rangi mbichi, akaiona. Kisha akakimbia kwenda kumleta mwenzake. Jioni alirudi na wengine, na yeye ndiye aliyekuwa akieleza.

Machi, mwishoni

Majadiliano marefu kuhusu nyuki wa 1914.

Kila mtu aliyesoma Tanga amewahi kusikia Vita ya Nyuki. Mwanzoni mwa Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli za Uingereza zilileta kikosi cha watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, wengi wao wanajeshi kutoka India, wakashuka Raskazone. Upande wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na kiasi cha watu 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Tarehe 4 mapigano yalipokuwa makali, risasi zilitibua nyuki waliokuwa mitini, na nyuki wakawaangukia watu. Baadaye Waingereza wengine walidai kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa nyaya. Hawakutegwa. Nyuki waliwauma wa pande zote mbili.

Vijana wawili katika kundi walikuwa na mchoro tayari: wanajeshi wenye kofia wanakimbilia baharini, wingu la nyuki nyuma yao. Mchoro ulikuwa mzuri, nao waliutetea kwa nguvu. Mimi niliupinga. Kisa hiki kimesimuliwa nje kwa miaka zaidi ya mia kama kichekesho cha majenerali, na ukikisoma hivyo watu wa Tanga hawamo. Hawamo waliokuwa na nyumba mjini, hawamo wapagazi, hawamo askari walioletwa kufa katika ugomvi usio wao. Ukutani Ngamiani sitaki mpita njia acheke mtu anayekimbia kifo.

Mwalimu wa baiolojia ndiye aliyetutoa. Alieleza kilichotokea kwa upande wa nyuki. Nyuki wa pwani yetu ni wepesi kutetea nyumba. Nyuki akiuma, mwiba unabaki kwenye ngozi pamoja na mfuko wa sumu, na hapo hutoka hewani harufu ya kuita wenzake, harufu inayokaribiana na ya ndizi mbivu. Kila aliyeumwa akawa alama ya kuumwa tena. Risasi zilipasua miti, mtikisiko ukafika ndani, walinzi wakatoka. Hawakujua bendera.

Basi tumechora mti uliopasuliwa, shimo lake limeonekana ndani, masega yamevunjika, na nyuki wanatoka kwenda kulia na kushoto kwa wingi ulio sawa. Chini ya mti hakuna mtu. Mwaka 1914 umeandikwa kwenye gome kwa tarakimu ndogo. Wale vijana wawili wameuchora wao, na nguvu ya mchoro wao wa kwanza imebaki yote katika kundi la nyuki: wale wa mbele wamechorwa wakubwa kama kiganja, miiba inaonekana, wa nyuma wamekuwa nukta.

Aprili hadi Mei

Masika. Kazi ya nje imesimama, tumefunika sehemu mbichi kwa turubai.

Muda huu tumesoma habari za miji mingine iliyowaweka wadudu mbele za watu. Enterprise, mji wa Alabama, Marekani, ulisimamisha sanamu mwaka 1919 kumshukuru fukusi wa pamba. Mdudu huyo aliharibu pamba mpaka wakulima wakalazimika kugeukia karanga, na karanga zikawatajirisha. Sanamu ni mwanamke aliyeinua mikono, na fukusi mwenyewe aliongezwa juu ya mikono hiyo mwaka 1949. Manchester, Uingereza, ina nyuki katika nembo yake tangu 1842, alama ya watu wa viwandani, na sakafu ya jumba lake la mji ina nyuki wa vigae vidogo. Watu 22 walipouawa kwa bomu mwaka 2017, nyuki yule akachorwa kwenye kuta za mji mzima, na watu wengi wakamchora mwilini. Hilo limenigusa. Alama iliyokuwepo mjini muda mrefu ilikuwa tayari watu walipoihitaji.

Mmoja wetu alipendekeza fukusi wa mkonge, kwa mfano wa Enterprise. Yupo kweli, na hutoboa miche michanga. Lakini mkonge wa Tanga, ulioanza na miche 62 iliyonusurika safari ya Richard Hindorf mwaka 1893, haukuangushwa na mdudu. Uliangushwa na kamba za nailoni na bei ya soko la dunia. Kumweka fukusi pale kungempa lawama isiyo yake. Tumeliacha.

Juni

Kusi imekuja, hewa kavu, rangi inashika vizuri. Tuko upande wa mwembe, na mwembe wenyewe ndio umetuchagulia mdudu: majimoto, wale chungu wakali wa mitini.

Kila aliyepanda mwembe utotoni anawajua kwa maumivu. Lakini wachache wamekaa wakawatazama wakishona. Tuliketi chini ya tawi moja asubuhi nzima. Mstari wa vibarua unashika ukingo wa jani hili kwa miguu na wa jani la pili kwa meno, wanavuta. Pengo likiwa kubwa, mmoja anamshika mwenzake kiunoni, na huyo mwingine, mpaka inakuwa mnyororo. Majani yakikutana, wanakuja wengine kutoka ndani, kila mmoja amebeba buu mdomoni. Buu ndiye mwenye hariri. Kibarua anamgusisha kichwa kwenye jani la kwanza, anampeleka jani la pili, anamrudisha, na uzi mweupe unabaki nyuma. Buu hatumii hariri hiyo kujifungia mwenyewe kama wafanyavyo mabuu wa chungu wengine. Yote inakwenda kwenye nyumba ya wote.

Mkabala na ukuta kuna fundi cherehani, mzee wa miaka mingi kazini. Aliacha mashine akaja kusimama nasi. Akatazama muda, akasema, "Huyu mwenzangu kabisa. Ila yeye uzi na sindano ni mwanawe." Tangu siku hiyo akawa msimamizi wetu. Tulipochora buu akiwa mnene kupita kiasi alisema sindano nene namna hiyo ingepasua kitambaa, tukamwendea majimoto mtini tukatazama tena, na kweli tulimnenepesha. Sehemu hii tumeichora kubwa: kibarua mmoja ana urefu wa mkono, macho yake, pingili zake, na buu mweupe kati ya meno, na nyuzi kati ya majani mawili ya mwembe tumezipiga moja moja.

Juu yake tumeweka mnazi. Majimoto wakitawala mnazi, kunguni anayefyonza vidaka, Pseudotheraptus wayi, hapati nafasi, na nazi changa hazidondoki ovyo. Wataalamu wa minazi Tanzania Bara na Zanzibar wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Wenye minazi waliopita wamelisoma mara moja. Mmoja alisimamisha baiskeli, akaelekeza kidole, akamwambia aliyembeba nyuma, "Ndiyo maana nakwambia usiwachome moto wale."

Julai

Papilio nireus alitusumbua kwa rangi. Ni mweusi, na katikati ya mabawa unapita mkanda wa bluu ya kijani unaowaka hata kivulini. Kila rangi tuliyochanganya ilikufa ilipokauka. Sababu iko kwenye bawa lenyewe. Magamba yake madogo yana kemikali inayopokea mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, na kuutoa tena kama bluu ya kijani, chini yake kuna tabaka zinazourudisha mwanga ulioelekea ndani, na juu kuna vitundu vinavyouelekeza nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliufananisha mpangilio huo na taa za kisasa za LED. Kopo la rangi haliwezi kufanya hivyo. Tumechukua chupa za bluu na za kijani, tumezivunja, tumelainisha kingo, tumezipachika juu ya vipande vya kioo cha kujitazamia. Kuanzia saa tisa alasiri jua likishukia ukuta, mkanda unawaka.

Kazi ya chuma nayo inakwenda. Fundi wetu anatengeneza kereng'ende wa kukaa juu kabisa ya ukuta. Mishipa ya mabawa ni spoki za baiskeli, maana katika mji huu spoki mbovu hazikosekani kwa fundi yeyote, na macho ni bearing kuukuu. Tumemchagua Pantala flavescens, yule wa rangi ya dhahabu anayejaa hewani wakati wa vuli. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekaa Maldivi, alitoa hoja kwamba wadudu hawa hutoka India, hupitia visiwa vile kuanzia Oktoba, na huvuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki kwa upepo wa juu. Vipimo vya kemikali vya mabawa yao, vilivyotolewa miaka mitatu baadaye, vilikwenda upande wake. Maana yake wanakuja kwa njia na kwa majira yaliyowaleta wenye majahazi. Kwa hiyo wote wataelekezwa vichwa kusini-magharibi, kama waingiavyo.

Chuma pwani hakidumu bila matunzo. Kila kiungo kinasuguliwa kwa msasa, kinapakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya mafuta. Mwenye ghala amekubali tupitie kila mwaka kabla ya masika.

Agosti

Yaliyokamilika: masega ya kona, Danaus na jike wa Hypolimnas na dume lake, mti wa 1914, majimoto, kiwavi wa michungwa. Dume wa dardanus yuko tayari, majike wawili wamekamilika, wawili bado.

Shehe alipita Ijumaa akaweka mkono kwenye kigae kimoja, akauliza ua lile ni la nini. Nikamwambia la mkoko. Akasema asali ya mikoko anaijua tangu utoto wake, ina chumvi kwa mbali.

Kuna dai limetoka kwa wenye minazi: wanataka chonga aongezwe, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Wana hoja. Tumechora rafiki wa mnazi tukamwacha adui wake, na sharti letu halikusema wadudu wazuri peke yao. Nafasi ipo chini ya majimoto, ila pale ndipo chumvi ilipopanda, kwa hiyo lipu ipigwe upya kwanza na iachwe ikauke vizuri. Fundi cherehani amejitolea kutulindia ndoo na ngazi barazani kwake. Yule mama wa Amani ameahidi kushuka Septemba na miche miwili ya miti ya jamii ya mchungwa, tuipande chini ya dardanus. Kereng'ende wote lazima wawe juu ya ukuta kabla Oktoba haijaingia, na bado tunahitaji spoki, hasa ndefu. Mwenye nazo azipeleke karakana nyuma ya ghala, fundi yupo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.